Safu Tatu Kando ya Bomba

Jumamosi, 8 Machi

Daftari hili lilikuwa la Kemia. Nimechana kurasa zilizoandikwa, na kwa kuwa nimemaliza shule na humu nyumbani hakuna anayeniuliza ninafikiri nini, nitaandika kwenye zilizobaki.

Leo ilikuwa siku ya ukaguzi. Baba alistaafu kazi ya magereza miaka minne iliyopita, lakini kazi yenyewe haijamstaafu. Kila Jumamosi saa mbili asubuhi anazunguka uwanja, mikono mgongoni. Mawe ya njia lazima yawe na chokaa, ndoo zipangwe kwa ukubwa, kamba ya nguo isilegee. Majirani wanamwita Afande, naye anaitika.

Alipofika kwenye mayungiyungi ya Mama, kando ya bomba la uani, akasimama. Ni safu tatu, mashina kumi na moja kila safu, na majani matupu.

"Mwaka jana yalitoa maua mangapi?"

"Sita," nikasema, kwa sauti niliyoisikia mimi peke yangu.

"Mangapi?"

"Sita, Baba."

"Mashina thelathini na tatu, maua sita! Hata mfungwa mvivu ana faida kuliko hayo."

Kaka akacheka. Kaka ana gari tangu Desemba, gari lililozeeka kumpita yeye, na anatafuta pa kuliegesha. "Baba, pale pangelitosha kabisa. Kokoto, saruji, siku mbili tu."

"Tuyape msimu huu," Baba akasema. "Yasipochanua ipasavyo, fundi anaingia."

Mama ndiye aliyeyapanda, mwaka aliohamia nyumba hii. Alikuwa palepale bombani akisuuza sare yake ya hospitali. Hakusema neno. Nikamkasirikia. Halafu nikakumbuka kwamba na mimi sikusema.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Nimelowa nikianua nguo za watu wazima watatu.

Alhamisi, 20 Machi

"Si uko nyumbani tu?" Nimehesabu leo: mara saba. Nipige pasi shati la Kaka, si niko nyumbani tu. Nimsubiri mleta gesi, si niko nyumbani tu. Nikamwulizie Baba dawa ya mgongo, nioshe gari (gari!), nichemshe maji, nitafute miwani ambayo Baba alikuwa ameivaa.

Kaka ananiita Redio kwa sababu siongei. "Redio, leo hakuna matangazo?" Kila siku utani uleule, na kila siku anaucheka kana kwamba ameuokota njiani asubuhi hiyo. Jibu ninalo kila mara. Linafika kooni, linageuka, linarudi lilikotoka.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua wiki nzima. Majani ya mayungiyungi yamekuwa makubwa kama masikio ya tembo mtoto. Nimepalilia, nimeokota konokono kumi na tisa, nimechanganya samadi kidogo na udongo. Mikono inanuka.

Sebuleni kuna picha ya Mama akiwa amenibeba mgongoni, amesimama mbele ya safu hizi. Leo nimeishusha ukutani nikahesabu. Maua yanayoonekana ni ishirini na saba, na picha imekata safu ya tatu. Udongo ni uleule, bomba ni lilelile. Kitu gani kimetokea?

Nilipomwuliza Baba akasema mimea nayo huzeeka. Mbona Mama Miche, yule anayeuza miche barabarani mkabala na kituo cha afya, ana mashina makubwa kuliko yetu? Hilo sikulisema. Nimeliandika hapa.

Jumanne, 22 Aprili

Hakuna ua.

Jumamosi, 10 Mei

Limechanua moja! Safu ya tatu, la pili kutoka ukutani. Jana lilikuwa limejikunja kijani kama mwavuli, leo limefunguka, jeupe, limezunguka kama karatasi wanayofungia karanga, na ndani yake kidole cha njano. Matone ya mvua yanakaa juu yake bila kulilowesha. Nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Baba alipita na mikono yake mgongoni. "Moja," akasema, akaendelea na ndoo.

Jumamosi, 31 Mei

Yalikuwa manne. Sasa ni matatu, kwa sababu Kaka alikata moja kwa kisu cha jikoni kumpelekea mtu wake. Hakuuliza. Si ya Redio, nani aulizwe?

Mwenye haraka hakosi la kumkwaza. Alikuwa akirudisha gari nyuma, mikono yote kwenye usukani, basi akalishika shina la ua kwa meno. Utomvu wake unawasha kama upupu. Baada ya dakika kumi alirudi, midomo imevimba, ulimi nje, anaongea kama mtoto wa miezi minane.

"Nifefe maji! Maji!"

Mama alimsukutua kinywa bombani huku akijikaza asicheke. Mimi sikujikaza. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndiyo mara ya kwanza tangu nimalize shule.

Jumamosi, 14 Juni

Hukumu imetoka. "Manne," Baba alisema. "Nilitoa muda, muda umekwisha." Fundi ataingia Jumatatu ya tarehe kumi na nne Julai. Mkuu wake wa zamani wa kazi anakuja kututembelea na mkewe mwishoni mwa mwezi huo, na Baba anataka uwanja uwe umekamilika.

Mchana Kaka akaleta kokoto. Lundo liko hatua mbili kutoka safu ya kwanza. Jirani akamwuliza anajenga nini, akajibu, "Ikulu ya gari."

Mama akapita kando ya lundo na kikapu chake akaenda kazini. Hakusema kitu. Hakusema kitu! Ni yake! Ningekuwa yeye ningelala juu ya udongo ule.

Ningelala kweli?

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda kwa Mama Miche. Nilipita mbele yake mara nne nikijifanya nina safari. Mara ya tano akaniita mwenyewe.

"We binti, unanunua au unapima barabara?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Sema shida yako, jua linapanda."

Nikamweleza nikitazama viatu vyake. Mayungiyungi yeye anayaita kala. Akaniuliza kama daktari: yanapata maji? Yanapata. Kuna kivuli cha mchana? Kipo. Viazi vyake, ile mizizi minene, vilipandwa macho juu? Nadhani, maana vilichanua vizuri zamani.

"Na yakishamaliza kuchanua, mvua ikikatika, mnafanyaje?"

"Tunasafisha."

"Mnasafisha nini?"

"Majani. Yakianza kuwa ya njano tunayakata yote mpaka chini."

Akaweka chini kopo alilokuwa ameshika. "Mjinga gani anafanya hivyo?"

Nikarudi kwenye viatu vyake.

"Sikiliza. Jani la kala likigeuka njano haliumwi. Linahama. Chakula chote kilichomo linakishusha kwenye kiazi, polepole, wiki kadhaa, na ua la mwakani linatoka kwenye chakula hicho. Ukilikata, umempokonya mtu sahani kabla hajameza. Mwaka wa kwanza atavumilia, wa pili atakonda. Mmekata kwa muda gani?"

"Miaka mingi."

"Basi shukuruni kwa hayo manne. Mimi ningewagomea kabisa."

Nimerudi kwa miguu na sijui nilipita wapi. Tangu darasa la tatu nimeshika mundu kila mwaka. Baba hufyeka safu ya kwanza, mimi hufyeka mbili zilizobaki, na tukimaliza anatazama udongo mtupu na kusema, "Kazi safi." Ni siku moja tu katika mwaka anayonisifu. Nilikuwa naisubiri. Nilikuwa nanoa mundu mwenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii nimeishona mimi.

Jumatano, 18 Juni

Mama alikuwa akichambua mchele. Nikakaa mbele yake.

"Mama, ulijua majani yale hayatakiwi kukatwa?"

Kidole chake kikaendelea kusukuma mawe pembeni. "Nani kakwambia?"

"Ulijua?"

"Nilijua. Bibi yako alikuwa nayo mlangoni. Hakuruhusu mtu ayaguse mpaka yanyauke yenyewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Mwaka wa kwanza aliposhika mundu. Baba yako akasema nyumba yake haitafanana na shamba lililotorokwa na mwenyewe. Alisema mbele ya wageni, wakacheka wote, na mimi nikacheka." Akapeta mchele mara moja. "Niliona haya, mwanangu. Nikasema mara ile tu, nikachoka."

"Mara moja! Miaka yote hii, mara moja?"

"Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu iko wapi, Mama? Nionyeshe!"

Sijawahi kumwinulia Mama sauti. Alinitazama kama mtu aliyesikia kitu kikianguka chumba cha pili. Nikaondoka.

Baba hakujua, angalau ana hilo la kujitetea. Mama alijua, akasimama mlangoni kila mwaka akinitazama nikikata. Nina hasira naye kuliko na Baba. Na chini ya hasira hiyo kuna kitu kinachonitisha: maneno yake yanarudi kooni kama yangu. Nikiwa na umri wake nitakuwa nachambua mchele na kusema, nilisema mara moja.

Mimi hata hiyo moja sijasema.

Jumamosi, 28 Juni

Mvua imekatika. Majani ya pembeni yameanza njano.

Nilijaribu wakati wa chai. "Baba," nikasema. "Ehe?" Nikampa sukari.

Jumanne, 1 Julai

Nimejaribu tena. Nimempa gazeti.

Jumamosi, 5 Julai

Majani yamelala nusu. Yanachukiza kwa macho, siwezi kukataa, yamelegea kama soksi zilizolowa. Baba katika ukaguzi: "Jumamosi ijayo tunafyeka, ili fundi akute pasafi." Nilisema, "Sawa, Baba."

Sawa, Baba! Ulimi wangu uliitoa bila kuniuliza. Nimejifungia chumbani nimepiga mto ngumi mpaka Kaka akauliza nani anatwanga.

Nimeandika kwenye karatasi nitakachosema: *Baba, naomba dakika mbili nikueleze jambo kuhusu majani.* Nimeisoma mara ishirini mbele ya kioo.

Jumamosi, 12 Julai

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Saa mbili na nusu Baba alitoka stoo na miundu miwili. Akaninyooshea mmoja, mpini mbele, kama kila mwaka.

"Tuanze. Keshokutwa fundi anang'oa viazi na kumwaga zege."

Sikuupokea.

"Shika."

"Sikati."

Nadhani hakusikia, hajazoea kunisikia. Kaka aliyekuwa akiosha gari ndiye aliyesikia. "Eh! Redio imeshika mawimbi!"

"Umesemaje?" Baba akauliza.

"Sikati, Baba."

Ile sentensi ya dakika mbili ilikuwa mfukoni, na haikutoka. Kilichotoka kilikuwa kingine kabisa, kwa kelele, na machozi, na kamasi. "Ni wewe unayeyaua! Ni wewe na mimi! Kila mwaka tunayanyang'anya chakula halafu tunayaita mavivu! Jani la njano haliumwi, linahama, linashusha chakula kwenye kiazi, ukilikata ni kama umempokonya mtu sahani hajameza! Angalia picha sebuleni! Yalikuwa yamejaa! Hayakuzeeka! Tumeyafanyia hivi sisi, tena ukanisifu, na mimi nikafurahi!"

Kaka aliacha maji yakimwagika.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Hilo ndilo lililoniuma zaidi baadaye, kwamba alisikiliza. Kisha akauliza, "Umemaliza?"

"Ndiyo."

Akainama akaanza kufyeka safu ya kwanza.

Nilihesabu. Shina la kwanza, la pili, la tatu. Mundu ukipita kwenye mabua yale yaliyojaa maji hutoa sauti kama mtu anayetafuna tango. Hakuharakisha wala hakukasirika, alikata vizuri, usawa wa ardhi, kama anavyofanya kila kitu. La kumi na moja likaanguka. Akasogea safu ya pili. Nikaingia nikasimama katikati ya mashina, miguu peku kwenye tope. Sikuwa na mpango. Nilifikiri, akitaka akate na vidole vyangu.

"Baba watoto."

Mama alikuwa kwenye mlango wa jikoni, ametoka zamu ya usiku, mkoba bado begani.

"Nenda ukalale," Baba akasema bila kugeuka. "Hili linamalizika sasa hivi."

"Mtoto anasema kweli. Na mimi nilikwambia mwaka wa kwanza, ukanicheka mbele za watu." Hakupaza sauti. Mama hajui kupaza sauti. "Ukikata hiyo safu ya pili, nitaelewa kwamba humu ndani hakuna mtu wa kukwambia kitu. Nami nitaishi kwa kujua hivyo."

Maji ya Kaka yalikuwa yamefika kwenye kokoto. Baba alisimama wima. Alitazama safu aliyoikata, akatazama miguu yangu. Akapangusa mundu kwenye nyasi, upande huu, upande ule, akaingia ndani.

Mama akaweka mkoba chini, akaja kunisaidia kuokota majani yaliyokatwa.

"Haya," akasema. "Sasa ni mara mbili."

Tuliyaokota pamoja mpaka la mwisho.

Jumapili, 13 Julai

Baba hajaongea na mtu. Amekula, amesoma gazeti, amelala. Nyumba nzima inatembea kwa vidole.

Nilidhani hasira ingeisha baada ya kuisema. Haijaisha. Kila nikienda bombani naona vile visiki kumi na moja.

Jumatatu, 14 Julai

Fundi amefika saa moja na nusu na toroli lake. Nikakimbilia dirishani. Baba alimpokea uwanjani, akamwongoza, lakini si uani. Alimpeleka langoni.

"Zege mwaga hapa. Mvua ikinyesha pana matope."

"Na kule nyuma, Afande?"

"Kule pana kazi inaendelea."

Kaka akatoka na mswaki mdomoni. "Baba! Na gari langu?"

"Gari lako si lina magurudumu? Litafute pa kwenda."

Nilicheka peke yangu nyuma ya pazia, kisha nikaacha kucheka. Alipita jikoni, nikamwekea chai, akanywa. Hakusema alikosea. Hakusema kitu chochote kuhusu safu ya kwanza. Je, watu wazima huwa wanasema, au hugeuza toroli tu na sisi wengine tuelewe?

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda kwa Mama Miche kuuliza kama safu ya kwanza itapona. Anasema viazi havifi kwa tusi moja. Nisubiri miaka miwili. Nimekaa naye hadi saa sita namsaidia kujaza makopo. Jumatano anataka nirudi.

"Na ukija, uje na sauti," akasema. "Hapa wateja hawasomi midomo."

Jumamosi, 26 Julai

Wageni wamekuja. Mkuu ni mzee mfupi mwenye kicheko kirefu. Mkewe ana fimbo na macho yasiyopitwa na kitu. Viti vilikuwa uani, kivulini. Mimi nilikuwa na birika, si niko nyumbani tu.

Mkuu aliona mara moja. Mawe yanang'aa chokaa, ndoo zimepangwa, halafu safu mbili za majani ya njano yaliyolala chini.

"Afande! Kweli umestaafu. Uchafu huu uani kwako?"

Baba akakohoa. Mama akatazama mikono yake. Nikamwona ameanza kutabasamu lile tabasamu la kucheka pamoja na wageni.

"Huo si uchafu, Mkuu," Baba akasema. "Watu wengi hukosea hapo. Jani hili likigeuka njano haliumwi. Linahama."

Nikadhani nimesikia vibaya.

"Linashusha chakula kwenye kiazi. Ukilikata sasa, ni kama kumpokonya mtu sahani hajameza."

"Hebu ona! Kumbe umekuwa mtaalamu!"

"Mtu hujifunza," Baba akasema, akanywa chai.

Masikio yangu yaliwaka. Maneno ni ya Mama Miche, niliyabeba mimi, nikayalilia mimi kwenye tope, na akakata safu nzima baada ya kuyasikia. Sasa yamekaa kinywani mwake kama meno yake mwenyewe. Kaka akaniangalia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Mke wa mkuu alikuwa ameinuka na fimbo yake, amefika kona inakotoka maji ya bafuni. Pale, mwisho wa safu ya tatu, kuna ua moja lililochelewa, la tano mwaka huu.

"Na hili, Afande? Mbona lilikuwa jeupe, naona weupe kidogo pembeni, na sasa limekuwa kijani? Ua gani linageuka kijani? Hili ndilo linaumwa."

Baba alifungua mdomo. Akaufunga.

Hilo sikuwa nimemwambia. Nimelijua Jumatatu, kwa Mama Miche. Alitazama ua, akatazama kikombe, na mkuu akasubiri, mkewe akasubiri. Ningeweza kumwacha hapo. Nilitaka kumwacha hapo. Nilihesabu pumzi tatu za kumwacha hapo, na zilikuwa tamu. Lakini nyuma ya utamu huo niliona kwamba nikinyamaza, atakuwa amepata aibu, nami nitakuwa nimenyamaza.

Nikaweka birika mezani.

"Haliumwi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, mkuu akageuka na kiti. "Hicho mnachokiita ua si ua. Ni jani. Maua yenyewe ni vichembe vilivyo kwenye kidole cha njano, ni vidogo, hakuna anayeviangalia. Jani hili lilikuwa jeupe ili wadudu walione. Sasa wamekwisha kuja, kazi hiyo imekwisha, limerudi kuwa kijani lisaidie kutengeneza chakula kama majani mengine."

Nikaongeza, kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka:

"Na hayo mengine, Baba aliyasikia kwangu. Mama alimwambia kabla yangu. Safu ya kwanza haina majani kwa sababu aliikata nikimwambia asikate. Zile nyingine miaka yote nimekata mimi."

Mkuu alimtazama Baba, kama mtu anayesubiri kuona msimamizi atafanya nini na mfungwa. Mama alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa amenyoosha mgongo.

Baba alinitazama. Hakutabasamu, wala sikutaka atabasamu. Alisogeza kikombe pembeni, akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Ni kweli," akasema. Kisha, kwangu: "Endelea."

Nilikuwa bado na hasira. Nikaendelea nayo, na sauti sikuipunguza.